Asali ya Wifi

Soko zima lilimwita Kengele, na hata mumewe akitaka kumchokoza alimwita hivyohivyo. Aliuza mitumba, na aliiuza kwa mdomo. Wenzake walitundika nguo wakasubiri, yeye alipanda kigodani, akainua sweta juu na kuita, "Njoo uchague mama, ukichelewa utavaa gunia!" Watu wakaja wakicheka, na wakishacheka, hawaondoki mikono mitupu.

Basi, mdomo huponza kichwa. Kwa mdomo huohuo alikosana na wifi yake.

Wifi huyo, dada wa mumewe, aliuza asali ng'ambo ya njia, meza ikitazamana na meza. Msimu uliopita wa baridi asali yake iliganda kwenye chupa, ikawa nyeupe na chengachenga. Kengele aliiona, na kwa vile wateja walikuwepo na yeye hakuumbiwa kunyamaza, akapaza sauti: "Wifi, hii asali au sukari? Nyuki wako siku hizi wanakunywa soda?" Watu wakaangua kicheko. Utani wa mawifi, nani asiyeujua? Lakini wateja wa asali walicheka kisha wakaenda zao, na wengi hawakurudi tena. Tangu hapo salamu za wawili hao zilipitia kwa mume, maskini wa watu.

Naye ndiye aliyemweleza mkewe kwamba asali safi huganda baridi ikizidi. Kengele akajua amekosea. Lakini kuomba radhi, ah! Neno lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Baridi ikarudi. Kengele akanunua robota zima la sweta za watoto, alifungue Jumamosi. Ijumaa akaamka na mafua, koo linawaka, na alipotaka kuwaita watoto waamke ikatoka hewa tu. Sweta zisipotoka wakati huu wa baridi zitalala ghalani mpaka mwakani, na panya hawana haya.

"Mama watoto, dawa unajua iliko," mumewe akasema. "Vuka njia tu."

Kengele akatikisa kichwa.

"Haya. Kesho waite wateja kwa filimbi."

Kengele akavuka njia shingo upande. Alimkuta wifi akisema na mama mmoja mwenye kichanga mgongoni, kinakohoa. "Huyu hajatimiza mwaka, mama. Asilambishwe asali hata tone, ina hatari kwa wachanga. Mpeleke kliniki." Yule mama akashukuru akaondoka bila kununua. Kengele aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Mtu anayemrudisha mteja wake mwenyewe kwa ajili ya ukweli, ndiye huyo ambaye yeye alimwita tapeli mbele ya soko zima!

Akafungua mdomo. Hewa.

Wifi akamtazama, akaelewa, akacheka hadi akashika meza. "Kumbe kengele nayo hupasuka! Mungu si Athumani! Leo nitasema mimi, na wewe utasikiliza mpaka mwisho."

Na kweli akasema. Alisema jinsi alivyokaa na chupa zake watu wakipita wakinong'ona. Mwishowe sauti ikamtetemeka. "Ungekuwa mtu mwingine ningesahau. Lakini ulikuwa wewe, wifi yangu. Iliniuma."

Machozi yakamtoka Kengele. Akamshika mikono, na midomo yake ikatamka samahani bila sauti.

"Sijasikia," wifi akasema. "Utaisema ukipona. Kaa hapo."

Akamimina maji ya uvuguvugu, akakamulia limau, akachota asali kijiko kilichojaa, ileile ya chengachenga. "Kunywa polepole. Na usinong'one, kunong'ona kunalichosha koo. Homa ikikupanda, hospitali. Hii ni asali, siyo daktari." Kengele akanywa, na koo likaanza kulainika. Jioni akanywa tena, na alfajiri tena.

Jumamosi sauti ilikuwepo, ila nyembamba na yenye mikwaruzo. "Itunze kwa ajili ya sweta," mumewe akamsihi. Robota likafunguliwa, watu wakakusanyika. Kengele akapanda kigodani. Alijua sauti ile haitafika mbali, na sweta zilikuwa pale miguuni pake.

Akazipa mgongo, akatazama meza ya asali.

"Jamani! Mwaka jana nilisema asali ya wifi yangu ni sukari. Nilikosea! Asali safi huganda! Hii ndiyo imenituliza koo! Wifi, sama..." Akakohoa, akajikaza. "Samahani!"

Sauti ikakatika hapohapo. Kengele akabaki juu ya kigoda, mdomo wazi, watu wakimtazama, wengine wameanza kugeuka waondoke.

Wifi akavuka njia akijifunga kanga vizuri kiunoni. "Hiyo nimeisikia," akasema. "Shuka, ukakae na asali yangu."

Akapanda yeye, mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kuita mteja. Akainua sweta nyekundu, akaishika juu chini, mikono ikining'inia. "Njoo uchague mama!" Ilitoka kama sauti ya kifaranga. "Ukichelewa... utavaa gunia!"

Watu wakacheka, wakasogea. Ng'ambo ya njia, mteja mmoja alimwuliza Kengele kama asali hii ni safi kweli. Hakuwa na sauti ya kumjibu, akamchotea kijiko aonje.