Tende Niliyoila Kabla ya Adhana

Ramadhani moja nilimtengenezea shangazi yangu skrini ndogo ya jikoni, iandike "Bado" mpaka Magharibi iingie. Katika kiini cha mfumo endeshi, programu inayoiongoza mashine nzima, nilitangaza kwa mstari mmoja, kwa kujiamini kwa msomi, kwamba skrini huyaona yale ambayo prosesa imeyaweka katika akiba yake ya haraka, kumbukumbu ndogo iliyo ndani yake yenyewe. Haikuwa ikiyaona. Prosesa iliandika "Bado", ikalibakiza neno hilo katika akiba yake. Skrini ikasoma kumbukumbu kuu, mlimosalia jaribio langu la asubuhi: "Futuruni". Nami nikafuturu.

"Mbona adhana sijaisikia?" akauliza shangazi, tende yake ikiwa bado sahanini.

"Skrini imesema. Mie nshaila."

Akafungua dirisha. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa ya Ng'ambo.

"Basi siku yako utailipa, mwanangu. Na hiyo skrini nayo ifunge."

Nilijizuia mpaka adhana, kisha nikausahihisha mstari ule mmoja, ili kiini kihakikishe akiba imemwagwa kwenye kumbukumbu kuu kabla skrini haijasoma. Siku yangu niliilipa baada ya Sikukuu. Aliyeichagua ni shangazi: siku ya kukaanga sambusa, akanisimamisha mbele ya karai nizigeuze.