Begi Jepesi Kutoka Butembo hadi Mangina

Nilisafiri kwa sababu binti yangu Masika, aliyeolewa Mangina, alikuwa amepata mtoto baada ya miaka minane ya kungoja. Mtoto ni wa kiume, na kwa kuwa mzaliwa wa kwanza wa kiume kwetu ni Paluku, jina halikuhitaji kikao. Kilichohitaji kikao ni mzigo. Jumapili mtoto angepelekwa mbele ya kanisa, na mke wangu, ambaye goti lake halimruhusu tena kusafiri, alitaka nipeleke blanketi liwe badala yake.

Ni blanketi la sufu, la njano iliyofifia. Watoto wetu sita wote walipelekwa kanisani wakiwa wamefungwa humo.

“Mimi sitafika, Papa Masika,” aliniambia. “Bulangeti njo itafika pa fasi yangu. Hapana sahau.”

“Siwezi sahau,” nikajibu, na kweli sikusahau. Niliacha kwa makusudi.

Naomba nieleweke. Mimi ni mwalimu mstaafu, na nina msimamo kuhusu mizigo: msafiri mwenye akili hubeba begi moja, kwa mkono mmoja. Nimelisema hilo hata mbele ya wazee wa kanisa. Lakini hapa Butembo, ikijulikana tu kwamba mtu anashuka Beni, begi lake linakuwa la watu wote. Jirani alileta viazi, nikavikataa. Shemasi alileta viatu vya mdogo wake, nikavikataa kwa heshima. Kisha shemeji yangu akafika kutoka Musienene na maharagwe ya Masika. Ukikataa maharagwe ya shemeji, umenunua ugomvi wa mwaka mzima. Maharagwe yakaingia, na blanketi halikuingia. Blanketi haligombani na mtu, na tena Mangina ni joto. Nililisukuma chini ya kitanda, nikafunga zipu.

Kwaya ya kanisa letu nayo ilialikwa kuimba Mangina Jumapili hiyo hiyo, na wamama wa kwaya waliniambia nipande lori lao Jumamosi. Nilikataa. Kwaya husafiri na ngoma, masufuria na magodoro, na mimi nina msimamo.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, Butembo. Ukungu ulikuwa umefunika barabara na vidole vyangu vilikufa ganzi. Nilivaa sweta na koti la mvua. Dereva wa pikipiki, mtu mzima mwenye kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, aliliangalia begi langu.

“Papa, sac yako njo hii tu? Unarudia leo?”

“Nitarudia wiki ijayo.”

Aliliangalia tena begi, akawasha pikipiki. Nilidhani ananistahi.

Tulipofika Maboya jua likatoka, nikavua sweta. Huko Kabasha, mvua ya dakika kumi, nikavaa koti. Baada ya hapo jua tena, nikavua koti. Tulipoingia Beni nilikuwa nimevaa na kuvua mara nyingi kuliko mtoto mchanga.

Beni nilifikia kwa binamu yangu Kambale, mtaa wa Beu. Nilitaka kuendelea Ijumaa, lakini lori moja lilikuwa limekwama kwenye matope ya barabara ya Mangina na hakuna aliyepita. Nikakaa barazani kwa Kambale. Mchana mke wangu akapiga simu.

“Bulangeti haikulowana?”

“Hapana. Iko bien, muzuri kabisa, mu sac.”

“Ah bon,” akasema. “Basi iko bien.”

Alikata simu mapema kuliko kawaida yake. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na huo ndio uongo nilioutoa kwa urahisi kuliko wote. Nilijisikia vibaya hadi chai ilipokuja.

Jumamosi asubuhi barabara ilifunguliwa na jua lilikuwa kali. Nikaona sina haja ya sweta wala koti, nikamwachia Kambale, nitavichukua nikirudi.

“Yaya, huku mvua inanyeshaka bila kutoa habari,” alisema. Ananiita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, kwa hiyo hawezi kunibishia sana.

“Na hii jua kali hivi?”

“Njo vile inakuwaka kali mbele ya mvua.”

Nikapanda pikipiki nyingine na begi jepesi kupita yote niliyowahi kubeba. Nililishika kwa vidole viwili ili aone.

Njiani, kando ya barabara, watu walikuwa wameanika kakao kwenye maturubai. Katikati ya safari wingu likafunga, na matone ya kwanza yakaanguka. Huko kuna desturi: mvua ikikuta kakao nje, kila anayepita husimama na kusaidia, awe mwenyeji au mgeni. Dereva wangu hakuniuliza. Alizima pikipiki akakimbia.

“Papa, shika pale!” mama mmoja akanipigia kelele. “Vuta! Vuta na nguvu!”

Nikavuta. Kakao yake ilipona, mimi nikalowa hadi soksi. Wakati nimeinama hivyo, lori la kwaya likapita. Wamama walikuwa chini ya turubai, wakavu, wakiimba. Walinipungia mikono.

Mangina, saa nane mchana. Begi langu lilikuwa limelowa na mashati yote ndani. Kitu kikavu pekee kilikuwa maharagwe, kwa sababu shemeji aliyafunga kwenye plastiki. Nilisimama mlangoni kwa Masika nikitetemeka meno, na mvua ya Mangina, mahali pa joto, ikinitiririka mgongoni. Masika alinitazama, akaingia chumbani, akarudi na blanketi la njano, akanifunika mabegani. Lilinukia nyumbani kwetu.

“Bamama ba chorale, bale ba mu lori, njo baliileta,” alisema. “Mama alifagia chini ya kitanda jana asubuhi. Alisema baba atafika na baridi, tumufunike yeye kwanza, kisha mutoto.”

Jana asubuhi. Aliponipigia mchana ule, basi, alikuwa amelishika mkononi. Niliona haya kiasi kwamba niliacha kutetemeka.

Jumapili Paluku alibebwa mbele ya kanisa ndani ya blanketi lile, likiwa bado na unyevu wangu kidogo. Alilala muda wote. Mimi nililia, na wamama wa kwaya waliniona.

Nilirudi Butembo Jumatano. Masika alilirudisha blanketi kwa kuwa wadogo zake bado hawajazaa, nalo likajaza begi peke yake. Mashati niliyabeba kwenye mfuko wa plastiki, sweta na koti kwapani. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Tangu siku hiyo ninapofunga mzigo ninaanza na kile anachonipa mke wangu, halafu ndipo najiuliza kama mimi nahitaji shati.

Alikuwa ameketi mlangoni, goti lake limenyooshwa juani. Nilifungua begi, nikamwekea blanketi mapajani. Alilikunja polepole, kona kwa kona, bila kunitazama.

“Nilifika?” akauliza.

“Ulifika,” nikasema. “Kabla yangu.”