Siku Tano za Mayai

Hosiyat hakuwa mvuvi. Mvuvi alikuwa mumewe, Saidmurod, aliyekufa kitandani kwa ugonjwa wa mapafu, si majini kama watu wa Khujand wapendavyo kusikia. Alimwachia mkewe mtumbwi unaovuja na kazi moja ya kila mwaka, baridi inapoondoka: kufunga mafungu ya mizizi ya mierebi na kuyazamisha kwenye kina kifupi cha bwawa, ili samaki waitwao sazani waje wabandike mayai yao humo. Samaki huyo hatagi patupu, anataka kitu cha kushika. Na kingo za bwawa lile, kwa kupandishwa na kushushwa maji kila mara, hazioti hata jani la kumficha chura.

Miaka kumi na moja alifunga. Miaka kumi na moja milango ya bwawa ilifunguliwa kabla mayai hayajaanguliwa, maji yakaenda kwenye mashamba ya pamba kule chini, mizizi ikabaki juu ya matope na mayai yake yakikauka. Mwaka huu nyavu za kijiji kizima zilitoa samaki wa kumtosha paka. Hosiyat akasema huu ndio wa mwisho. Yakianguliwa, ataendelea. Yasipoanguliwa, basi.

Safari hii akafanya alichokikataa siku zote. Saidmurod alikuwa akiyashindilia mafungu chini kwa mawe. Yeye akayaning'iniza kwenye madumu matupu, maji yakishuka nayo yashuke.

"Umemsaliti marehemu," alisema jirani yake Norqul, mvuvi mwenye meno manne na maneno mia nne.

"Marehemu hajalalamika. Wewe unalalamika kwa niaba ya nani?"

"Ya mawe, dada. Umeyaachisha kazi."

Maua ya aprikoti yakapukutika, maji yakapata joto la kutia mkono bila kulaani, na sazani wakaja. Alfajiri aliwasikia wakichapa mikia. Alipoinua fungu moja, mizizi ilikuwa imejaa mayai ya manjano, yananata vidoleni. Kwa joto lile, siku tano tu zilitosha.

Siku mbili maji yalitulia. Siku ya tatu milango ikafunguliwa. Maji yakashuka dhiraa nzima, madumu yakashuka nayo, mafungu yakabaki majini. Norqul akaja kutazama, akavua kofia yake ya pembe nne.

"Mama wee! Bwawa limekubali!"

"Nyamaza, usilitie kijicho."

Jioni ile Hosiyat alipika pilau ya karoti, akampelekea sahani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu msiba.

Siku ya nne ukaja upepo. Ule wa kutoka bondeni, ambao kila mtu anaujua, ambao ndio uliomfanya Saidmurod atumie mawe. Hosiyat naye aliujua. Ila miaka kumi na moja ya kuogopa maji kushuka ilikuwa imemsahaulisha upepo.

Ulivuma kutwa. Kamba zikakatika, madumu yakakimbizana hadi ukingoni, yakayaburura mafungu juu ya kokoto, kwenda na kurudi. Hosiyat akaingia hadi kifuani, akadaka mawili. Mizizi ilikuwa imesuguliwa ikabaki mitupu.

"Toka majini, mwanamke!" Norqul alipiga kelele. "Unataka kufa kwa ajili ya mayai?"

"Nife kwa ajili ya nini kingine? Nitajie!"



Siku ya tano, ile ya kuanguliwa, kulikucha shwari, bwawa limelala kama halijui lolote. Hosiyat akaokota mizizi yote, akaianika ukutani. Ilipokauka akaitia kwenye tanuri, akaoka mikate.

Norqul akapewa mmoja, akatafuna kwa meno yake manne.

"Mkate unanuka samaki, dada."

"Kula. Ndio samaki wa mwaka huu."

Kisha Hosiyat akachukua shoka, akateremka kwenye mtumbwi. Mizizi ya mierebi haikai motoni, huteketea upesi, na alikuwa bado na madonge sita ya unga ya kuoka.