Kiti Kilichomkosea Mama Mkwe Heshima

"Kutoka leo, hakuna mtu wa hii Ruring'u atakataa kukalia hii kitu! Hata askofu ataomba lifti!"

Mathenge aliyasema hayo mbele ya steji nzima ya bodaboda, siku aliyoleta pikipiki yake ya stima, ile ya kuchajiwa. Na tusimwonee, ilikuwa nzuri. Nyeusi, haina moshi, haina kelele, na sehemu ya nyuma ya kiti imeinuka kama mkia wa jogoo aliyeshinda kesi. Keria hakuna. Pa kuweka mzigo hakuna. Theuri, ambaye pikipiki yake ya petroli imeshikanishwa na waya na maombi, aliizunguka akauliza, "Na kabeji utabeba na nini, buda? Na mdomo?"

"Kabeji ni ya watu wa petroli," Mathenge akamjibu.

Lakini huyu mwenye maringo ndiye aliyekuwa akiacha wateja kila Jumanne na Ijumaa asubuhi, apande hadi Kamakwa kumchukua mama mkwe wake, Wakiuru, ampeleke kliniki mjini kuoshwa kidonda cha mguu. Ugonjwa wa sukari ndio uliokileta, na nesi alikuwa amesema wazi kwamba kisipotunzwa, mguu utakatwa. Mathenge hujisifu hata akipiga chafya, ila safari hizo hakuwahi kuzitaja steji.

Jumanne ya kwanza ya pikipiki mpya akaenda amevaa shati la kanisa. Wakiuru akapanda kiupande, magoti pamoja, kama wapandavyo akina mama wa rika lake, wakateremka mjini. Kufika kliniki, mama akashuka upesi akaingia ndani. Kurudi akasema atatembea, ati kuna mtu anataka kuona.

Ijumaa Mathenge akasimama getini, akamwita mama. "Maitu, twende?"

"Leo niko na maharagwe ya kupalilia, muthoni, mkwe wangu. Enda tu."

Jumanne ikafika. "Nimesikia hiyo stima ikinyeshewa inachoma mtu."

"Maitu, hata mawingu hakuna!"

"Mlima si uko hapo? Mawingu hutengenezewa hapo."

Hivyo hivyo, kila siku ya kliniki na sababu yake. Siku moja mama akajaribu kwenda kwa miguu, akaishia njiani, akarudi. Bendeji ikaanza kubadilika rangi. Jioni moja Mathenge alisukuma sahani ya githeri kando, na huyo si mtu wa kusukuma sahani.

"Nimemwambia betri imefungwa, haiwezi kuguza mtu," akamwambia mkewe, Ngendo. "Mama yako atapoteza mguu juu ya kuogopa stima!"

Ngendo alikuwa ametoka kumwona mama yake. Akaanza kucheka, halafu machozi yakaingilia.

"Haogopi stima. Ni wewe anaogopa."

"Mimi?"

"Hiyo kiti inateremka, Mathenge. Ukishika breki, mama anateleza mpaka kwa mgongo yako. Ile ya zamani ilikuwa na kiti refu, anaweka kiondo katikati yenu. Sasa ati amelalia mkwe wake kutoka Kamakwa mpaka mjini, na watu wa kanisa wanaona. Amesema afadhali wakate mguu."

Huku kwetu, mtu na mama mkwe wake hupendana kwa umbali. Hamkumbatiani, hamsukumani, hata kusalimiana kuna adabu yake. Aliyeichora pikipiki ile, huko alikoichorea, aliufikiria upepo, akawafikiria vijana wawili wanaopendana. Mama mkwe hakumpitia akilini.

Asubuhi Mathenge akaipeleka kwa Kingori, fundi wa sofa.

"Kata hiyo mkia. Weka kiti refu, iliyolala. Na hapa katikati weka kaukuta ka sponji."

"Utaharibu sura, bwana!"

"Sura ni ya nani? Mimi nikiendesha hata siioni."

Kingori akakata. Kwa vile kitambaa cheusi kilikuwa kimeisha, akakifunika kiti kwa kilichobaki cha sofa, cha kahawia, chenye maua ya waridi. Theuri alipokiona alilazimika kushikilia nguzo. "Sofa tumeona. Meza ya chai iko wapi?" Steji ikavunjika mbavu. Mathenge akavaa helmeti akaondoka.

Akafika Kamakwa. Aliigeuza pikipiki kiti kikatazama mlango, akasogea pembeni, akawa mtu wa kukagua majani ya kahawa. Wakiuru akatoka. Akakibonyeza kiti kwa kiganja. Akakipapasa kile kiukuta cha katikati, akakibonyeza nacho, kikakataa kulala. Kisha akarudi ndani na kufunga mlango, na Mathenge akaona basi, imeshindikana.

Mlango ukafunguka tena. Mama alikuwa amejifunga kitambaa chake kizuri cha kichwa.

"Enda polepole, muthoni wangu."

Mteremko wote ule Mathenge alishika breki, akaachilia, akashika, na hakuna kitu kilichomgusa mgongo.

Nesi aligomba, kisha akaosha. Mguu haukukatwa, ila ulichukua muda wake, mpaka mvua za vuli zikaja. Siku bendeji ilipotolewa kabisa, Wakiuru alikataa kurudishwa nyumbani. Akataka apelekwe Karatina, siku ya soko, na huko akajaribu viatu vyeusi vya kufunika, mguu wa kushoto na wa kulia, akatembea navyo huku na huku mbele ya muuzaji.

Vilikuwa shilingi mia sita, jozi nzima kwa miguu yote miwili.