Kosa la Klasi Iliyoshushwa Chini

Saa moja na nusu asubuhi, kabla mabenchi ya zahanati hayajajaa, mwandishi wa programu anayeitwa Mama Nukta ameinamia kompyuta ya mapokezi. Jina hilo alipewa na wenzake baada ya kusaka kutwa nzima nukta moja iliyokosekana. Pembeni yake Shangazi, karani wa mapokezi kwa miaka ishirini na miwili, ameficha mikono mapajani.

"Mwanangu, nibonyeze?" anauliza Shangazi.

Siku hizi hagusi kitufe bila kuuliza. Swali hilo linamchoma Mama Nukta, maana anajua lilikoanzia.

Aliacha cherehani akiwa na miaka thelathini na minne, akajifunza kuandika programu. Hii ya kusajili wagonjwa ni yake. Juu kabisa ya faili aliweka klasi, yaani maelezo ya mgonjwa ni nani: jina, umri, namba ya kadi. Amri za kumwandikisha zikafuata. Wiki tatu zilizopita akaona mpangilio haupendezi, akaishusha klasi hadi mwisho wa faili.

"Sikugusa hata herufi. Nilihamisha tu, kwa hiyo sikuijaribu," alimwambia mwenzake jana jioni. "Kumbe kompyuta inasoma kuanzia juu! Ikaamriwa imwandikishe mgonjwa kabla haijaambiwa mgonjwa ni nini. Ikagoma. Fundi nguo mzima, nimeshona kabla ya kukata!"

Siku hiyo wagonjwa sitini na wanne walisubiri kwa muda wa saa tatu. Daktari mkuu alipofika, aliyekuwa kwenye kiti mbele ya kompyuta ni Shangazi.

"Mashine ikikushinda sema, tukutafutie ufagio," alimwambia mbele ya watu wote.

Mama Nukta alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, na kosa alishaliona. Akafyata ulimi. Akairudisha klasi juu kimyakimya, watu wakamshukuru.

"Nilishukuriwa, jamani! Aibu ile nakula nayo, nalala nayo," alimwambia mwenzake huyo. "Kumwomba radhi chemba ni rahisi. Lakini yeye hakudhalilishwa chemba."

Mpango wake ni kusema hadharani. Ameahirisha mara nne, kwa kuwa mkataba wake unaisha mwezi huu na anayeusaini ni daktari huyohuyo.

Sasa mabenchi yamejaa. Daktari mkuu anaingia, funguo mkononi.

"Mwanangu, nibonyeze?"

"Bonyeza, Shangazi." Mama Nukta anasimama. Sauti yake inafika mlangoni. "Siku ile haukuwa mkono wako. Ulikuwa wangu."