Msiba Bila Mtani

Enzi zetu kule Songea, mtu hakuzikwa kabla hajatukanwa. Ninyi mliokulia Kusini mnanielewa, na ninyi wengine acheni kushika vinywa. Wangoni na Wahehe walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Mtani ana haki zake: anakusema utake usitake, anakamata kuku wako mchana kweupe, na siku ukifa yeye ndiye wa kukucheka. Mama alikuwa akituambia, "Mtani hanuniwi, hata akikulalia kaburini." Nasi tulijua. Mzee Mgata, jirani yetu Mhehe, akipita tulikuwa tunafungia mbwa ndani na kumwambia leo hapati kitoweo, kwa ule utani kwamba Wahehe hula mbwa. Naye anatujibu kwamba babu zetu walifika Songea wakikimbia, ndiyo maana tuna miguu mikubwa.

Nakumbuka msiba wa babu. Asubuhi ilikuwa ya baridi ile yetu, moshi wa kuni mbichi unauma macho, maharage yanatokota kwenye masufuria. Bibi amekaa mkekani, hasemi wala halii, na mama zetu wakubwa wanaogopa kwamba atamfuata mumewe. Mara Mzee Mgata akatoka ndani amevaa koti la babu, ameshika fimbo ya babu, anachechemea kama babu. Akasimama mbele ya bibi na kulalamika kuwa maharage hayana chumvi, na hiyo ndiyo sababu ameamua kufa. Bibi akacheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na hapo ndipo wakubwa wakashusha pumzi. Kisha Mzee Mgata huyo huyo akashika jembe akaenda kuchimba kaburi, maana mtani hana mdomo tu, ana mikono pia.

Sasa njooni Troyeville, hapa Johannesburg, kipupwe kilichopita, mume wangu alipofariki. Msiba wa kisasa huo. Vijana wamevaa fulana zenye picha ya marehemu, kundi la WhatsApp limejaa mishumaa ya kuchora, chakula kimeletwa na wapishi wa kukodi waliovaa glavu, na kila anayeingia ananong'ona kama yuko benki. Mimi nimekaa kwenye godoro, macho makavu. Nilitaka kulia, nikashindwa, na nikaanza kuogopa kama walivyoogopa mama zetu.

Ndipo akaingia Luvanda. Luvanda ni Mhehe wa Iringa, analinda ghorofa moja kule Hillbrow, na ndiye aliyekuwa mtani wa mume wangu miaka yote tuliyokaa mji huu. Akasalimia kwa Kihehe, "Kamwene", akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango, akatungua koti la mume wangu na kulivaa. Akaanza kuzunguka sebuleni, kifua mbele, anapapasa kila meza.

"Mama Baraka, miwani yangu umeiweka wapi? Hata kufa siwezi, njia siioni."

Na miwani iko usoni kwake. Ndivyo mume wangu alivyokuwa, Mungu amrehemu. Kicheko kilinifika kooni, kikaishia hapo, kwa sababu mwanangu Baraka alikuwa ameshamshika mzee wa watu mkono.

"Uncle, tafadhali toka nje. Eish, hapa kuna msiba."

Wageni wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Luvanda akavua koti, akalikunja vizuri, akaondoka.

Baraka kazaliwa hapa, na Kizulu chake hakina doa. Babu wa babu zetu walitoka huku huku Afrika Kusini na kukidondosha Kizulu njiani; mwanangu amekiokota, akadondosha vingine vyote. Na huyo huyo aliyeona utani ni aibu alikuwa ameshapanga na wenzake sherehe ya baada ya makaburini, ile wanayoiita "after tears", milango ya magari wazi, muziki unatikisa madirisha ya majirani. Hiyo ndiyo mila. Ya kwetu ni ukosefu wa adabu.

Nilimwita nikamwambia, "Kamrudishe mtani wa baba yako. Bila yeye, jeneza halitoki humu."

Akaenda amenuna. Luvanda akamtoza faini ya kuku, kama inavyopasa. Kijana wangu akarudi naye, na kuku wa kukaanga ndani ya boksi, chipsi pembeni. Luvanda akafungua boksi mbele ya watu wote, akaguna, akasema Wangoni wamekwisha, siku hizi wanaogopa hata kuku akiwa hai. Kisha akavaa koti na kuanza upya kutafuta miwani. Nikacheka, jamani. Nikacheka mpaka nikalia, nikamlilia mume wangu kwa sauti, na Baraka akapiga magoti godoroni akanikumbatia, naye analia.

Enzi zetu watani walikuwa kila nyumba, mtu unachagua wa kukutukana. Leo hii ninaye mmoja tu, tena ana sukari na hasikii la daktari. Juzi nilimkuta kwenye spaza, kiduka cha mtaani kwetu, ananunua soda, nikamnyang'anya chupa mbele ya muuzaji.

"Usithubutu kutangulia," nilimwambia. "Ukifa wewe, mimi watanizika kimya."