Nilimpeleka mwanangu kunyolewa uchawi, mimi nikabaki na nywele zangu

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeufuta na kuuandika upya mara nne. Niliyoyaona nitayasema, nisiyoyajua nitasema sijui.

Kosa langu nalitaja mapema: nilimpeleka mwanangu kunyolewa peke yake.

Ni miaka ya tisini, Idete, bonde la Kilombero. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, fundi redio wa kujifundisha mwenyewe. Kaka na shemeji walipofariki nikaachiwa Deo, wa miaka kumi na nne. Kwetu mtoto wa kaka ni mwanao, hakuna mjadala.

Mpunga ulipoanza kuiva, watoto walipanda kwenye madungu, vile vichanja virefu vya shambani, kuamia ndege wasile mpunga. Kwelea wanashuka kama moshi, ukizubaa asubuhi moja tu umekwisha.

Kwenye shamba letu hawakushuka.

Mwanzoni ilikuwa utani. "Deo, tuazime hao vijana wako wasioonekana." Baadaye utani ukakoma, na hapo ndipo palipotisha. Darasani akabaki na dawati zima peke yake. Akifika bombani, akina mama wanasogeza ndoo zao, taratibu, bila neno. Ikasemwa anafuga misukule wa kumfukuzia ndege.

Mimi ni mtu ambaye redio ikikoroma kidogo naifungua yote. Nikataka na hili nilitengeneze liishe. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mganga wa kunyoa wanaoshukiwa. Mnaotoka kule mnajua: inanyolewa nyumba nzima, na anayetuhumu naye ananyolewa, ili asibaki mtu wa kunyooshewa kidole.

Nikawaza wateja wangu watanionaje. Nikakaa nje kwenye benchi. Deo akanyolewa peke yake.

Tuliporudi, kile kichwa ndicho kikawa ushahidi. Kumbe kweli, walisema.

Wiki moja baadaye, tukiwa tunakula, aliniuliza bila kuinua macho: "Baba mdogo, mtu anaweza kufanya vitu akiwa amelala, asijue?"

Mtoto alikuwa ameanza kuwaamini.

Kesho yake nilifunga kibanda changu cha redio nikaenda kukaa naye dunguni. Kundi likaja, anga ikawa nyeusi. Lilipofika mpakani mwa shamba letu likagawanyika, likapita huku na huku, likashuka kwa majirani. Juu yetu kimya, hata mpunga hautikisiki. Siku tatu nilikagua shamba kona kwa kona, natafuta harufu, kamba, mwewe, chochote. Sikupata kitu. Mpaka leo sijui.

Siku ya nne niliacha kutafuta. Nikanyoa kichwa changu kwa wembe, nikaenda na Deo kwa jirani yetu Mama Kulwa, mama wa Kisukuma mwenye ulimi mkali, aliyekuwa akiongoza maneno bombani. Tukampa shikamoo. Nikamwambia, kama mwanangu anafukuza ndege, basi leo akae kwenye dungu la shamba lao pamoja na mwanawe Kulwa, tuone.

Akatutazama vichwa vyote viwili.

"Haya, apande. Wakishuka, mtapiga kelele mpaka sauti ziwakauke."

Walishuka, wakuu. Walijaa. Deo aliduwaa, kisha akaanza kurusha udongo na Kulwa, wanapiga mayowe, anacheka. Miezi miwili sikuwa nimemsikia akicheka.

Mama Kulwa alipoteza mpunga siku ile, lakini jioni bombani ni yeye aliyesema: "Yule mtoto hana kitu. Ndege wamenila akiwa palepale."

Sio wote walionyamaza. Wapo waliosogeza ndoo mpaka mavuno. Ila Kulwa alihamia kwenye dawati la Deo, na kwa mtoto wa umri ule mmoja anatosha.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa najaribu kulisafisha jina lake huku nimekaa mbali naye, na watu waliuona umbali ule kabla sijauona mimi.

Waliopitia haya na vijana wao, semeni, nitasoma zote. Wenye majibu kuhusu ndege pia leteni, japo nimeshachoka kuyatafuta.

Deo sasa ni mtu mzima, analima Sanje na ana watoto. Mimi siku hizi mtu wa nyumbani kwangu akisemwa, naenda kukaa naye kwanza. Kuuliza kama ni kweli kunakuja baadaye.